Siku za Utamaduni Vyuoni na Wenye Ngoma Zao

Imekuwa ada sasa kwa vyuo vikuu vyetu kutenga siku moja, au wiki nzima pale penye fedha, kwa ajili ya sherehe za utamaduni. Mahema hupigwa uwanjani, kila hema na kabila lake. Mursik, omena, mukimo, wali wa nazi na viazi vya karai hupangwa mezani. Wanafunzi tuliozoea kuwaona katika suruali za jinzi hutokea wamevaa hando, shuka nyekundu, ngozi na shanga, na uwanja mzima hurindima kwa ngoma tangu asubuhi. Mgeni wa heshima huja amechelewa, huhutubia juu ya umoja wa taifa, hutazama ngoma mbili, kisha huondoka ya tatu ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Usiku huwa na mashindano ya kuwachagua kijana na msichana watakaovikwa utepe wa utamaduni kwa mwaka ule. Kesho yake mahema hukunjwa, na mavazi yaliyokodiwa hurudishwa kwa wenyewe.

Juu ya jambo hili twasikia kauli mbili. Wako wasemao kuwa sherehe hizi zipigwe marufuku. Hoja yao ni kwamba nchi hii imekwisha kumwaga damu ya kutosha kwa sababu ya ukabila, kwamba jeraha la mwaka 2007 na 2008 halijapona sawasawa, na kwamba kumpanga kijana wa miaka ishirini chini ya hema la kabila lake ni kumwonyesha mapema mahali atakaposimama siku ya uchaguzi. Wako na wengine wanaotaka sherehe hizo ziongezwe, zipewe fedha zaidi, na zialike watalii na mabalozi, kwani bila hizo, wasema, kijana wa leo hatajua babu yake alikuwa nani.

Hao wa kwanza hatukubaliani nao. Hao wa pili twakubaliana nao nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyotufanya tuandike.

Kwanza tuwape vijana haki yao. Si jambo dogo kwamba msichana aliyezaliwa Lodwar, ambaye hakupata kuiona bahari mpaka alipopangiwa chuo huku Pwani, anaweza kusimama katika mduara wa sengenya na kujaribu kulifuata zumari kwa miguu yake. Wala si dogo kwamba kijana wa Kidigo hupata kuonja chakula cha mwenzake wa Kisumu asikicheke. Taifa letu lina njia chache mno za kuwakutanisha watu wake kwa furaha. Tuna foleni za hospitali, tuna matatu, tuna mikutano ya kisiasa. Lakini mahali ambapo watu wa makabila mbalimbali hukaa pamoja siku nzima bila kuombana kura ni pachache. Katiba ya 2010, katika kifungu chake cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na kifungu cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha yake na kushiriki utamaduni wake. Vijana wanapocheza wanafanya jambo ambalo sheria kuu ya nchi imelibariki. Serikali yenyewe haijawa na msimamo thabiti kama wao: kwa miaka michache tarehe 10 Oktoba ilikuwa Siku ya Utamaduni kwa taifa zima, kisha mwaka 2024 ikageuzwa kuwa Siku ya Mazingira. Hatuna ugomvi na miti. Twasema tu kwamba wanafunzi wameishika siku yao kwa uthabiti kuliko wakubwa wao.

Basi kosa liko wapi?

Liko katika kusahau kwamba chuo kikuu si uwanja wa maonyesho ya kilimo na biashara. Ukumbi wa hoteli unaweza kuleta kikundi cha ngoma, kikacheza robo saa mbele ya wageni wanaokula, na hakuna atakayeulaumu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Chuo kikuu kimewekwa ili kujua. Kijana akicheza ngoma chuoni bila ya kuijua, na chuo kikampigia makofi kwa kutoijua kwake, hapo pana jambo limekwenda kombo, hata kama mavazi ni mazuri na picha zimetoka vizuri.

Haikuwa hivi siku zote. Oktoba 1968 wanazuoni watatu wa Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na mahali pake pawekwe idara ambayo Afrika ndiyo kitovu chake na fasihi simulizi ndiyo mojawapo ya nguzo zake. Waraka ule ulileta zogo kubwa wakati wake, lakini ulizaa matunda: hadithi, nyimbo na methali za wazee wetu ziliingia katika mtaala wa chuo kikuu, zikasomwa na kutahiniwa kama elimu nyingine yoyote. Mwaka huo huo Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda aliyekuwa akifundisha Kisumu katika idara ya chuo iliyohudumia watu wa nje, aliandaa tamasha la sanaa mjini humo. Waliocheza walikuwa wenye ngoma zao. Kabla ya hapo, mwaka 1965, wanafunzi wa Makerere walikwisha anza kutembeza michezo ya kuigiza vijijini bila malipo, na mwaka 1974 wenzao wa Nairobi wakafuata nyayo hizo. Twayataja haya kwa sababu wako watu wanaodhani kuwa sherehe ya utamaduni chuoni imekuwa siku zote ni vazi la kukodi na utepe wa mshindi. Kizazi cha 1968 kilikuwa na makosa yake mengi, na ulimi wao ulikuwa mkali kupita kiasi nyakati nyingine, lakini walijua kwamba ngoma ni elimu, na kwamba elimu hiyo ina walimu wake.

Na tuchukue mfano wa hapa kwetu, ili maneno yetu yasiwe ya hewani. Vikundi vya wanafunzi hupenda kucheza kifudu. Ni ngoma yenye mvuto, nasi hatushangai kwamba majaji huipa alama za juu. Lakini kifudu kwa Wagiriama ni ngoma ya matanga. Inahusu kifo, maombolezo na wale waliotangulia, nayo ina watu wake, wakati wake na sababu yake. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliicheza kutoka kijiji hadi kijiji, na watu wakamfuata, kwa sababu mwanamke anayecheza ngoma ya msiba mahali pasipo na maiti anawaambia watu kwamba uko msiba mkubwa zaidi ambao hawajauona. Msiba wenyewe ulikuwa kodi, kazi za kulazimishwa na vijana waliotakiwa kupelekwa mbali na makwao. Oktoba mwaka huo alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni Kisii. Mwanzoni mwa 1914 wakatoroka na kurudi kwa miguu, wakaikata nchi kutoka karibu na ziwa mpaka karibu na bahari. Agosti 1914 serikali ya kikoloni iliilipua Kaya ya Wagiriama kwa baruti. Watawala wale hawakuogopa bunduki za Wagiriama, ambazo hazikuwapo. Waliogopa ngoma na kiapo.

Sasa twauliza: mwanafunzi anayecheza kifudu kwa dakika tano ili hema lake lipate kombe, nani amemweleza haya? Huenda wako waliomweleza. Lakini si ratiba ya sherehe, wala si mtangazaji aliyeshika kipaza sauti, ambaye kazi yake ni kupaza sauti akisema, "Na sasa tuwapokee watu wa Pwani!" Hatusemi kwamba kifudu kisichezwe chuoni. Mekatilili mwenyewe aliitoa matangani akaipa kazi nyingine, na ngoma iliyo hai haikatai kazi mpya. Twasema kwamba yeye alijua anafanya nini.

Tuna kisa kingine, nacho kinahusu vyuo moja kwa moja. Wasomaji wetu wengi wanavijua vigango, nguzo za mti zilizochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya marehemu waliokuwa watu wa chama cha gohu. Kigango kikisimamishwa hakiondolewi. Huachwa mpaka mchwa na mvua vikimalize. Mwaka 1985 nguzo mbili za namna hiyo ziliibwa katika boma moja la Wagiriama. Baadaye moja ilionekana katika makumbusho ya jimbo la Illinois huko Marekani, na ya pili katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia. Hiki cha pili kiliasisiwa mwaka 1868 kwa ajili ya kuwasomesha watu weusi waliotoka utumwani, na bila shaka waliozipokea nguzo zile walidhani wanauheshimu urithi wa Afrika kwa kuziweka ndani ya kioo. Hawakujua kwamba walikuwa wameuweka ndani ya kioo ukumbusho wa marehemu ambaye jamaa zake wangali hai na wanautafuta.

Zilirudije? Zilirudi kwa sababu ya picha. Mtafiti mmoja wa Kimarekani alipata kumpiga picha mwenye boma akiwa amesimama kando ya nguzo zake kabla hazijaibwa, naye akaandika mahali, mwaka na jina. Miaka mingi baadaye picha ile ikawa ushahidi ambao hakuna makumbusho yangeweza kuupinga, na mwaka 2007 nguzo zile zikakabidhiwa kwa wenyewe. Tangu hapo makumbusho mengine ya Marekani, likiwamo la Denver, yamekubali kurudisha vigango vilivyokuwa mikononi mwao.

Fikirini juu ya picha ile moja. Katika siku moja ya utamaduni chuoni hupigwa picha maelfu kwa simu za mkononi. Ni ngapi kati yake ambazo mtu ameandika jina la ngoma, kijiji ilikotoka, aliyeifundisha, na shughuli ambayo kwayo ngoma hiyo huchezwa? Twathubutu kusema kwamba ni chache sana. Miaka arobaini ijayo mjukuu wa mpiga msondo atakapotaka kujua babu yake alipigaje, atakuta picha nyingi za vijana wanaocheka, na hatakuta jina la babu yake popote. Hapa ndipo chuo kinapokosa. Maktaba ipo, wakutubi wapo, mashine za kunasa sauti zipo, wanafunzi wa fasihi, historia na muziki wapo, nao kila mwaka hutafuta mada za tasnifu zao kwa taabu. Na wenye elimu hiyo wako nje ya lango, safari ya saa moja kwa matatu.

Au walikuwako. Maana hatuwezi kuandika juu ya wazee wa Pwani tukanyamazia jambo ambalo kila mtu analijua. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi. Mvi na macho mekundu ya moshi wa jikoni vimekuwa ushahidi wa kutosha wa kumkata mtu kwa panga, na mara nyingi ukichimba nyuma ya tuhuma hizo utakuta shamba ambalo vijana wanalitaka. Wako wazee waliozikimbia nyumba zao, wanaoishi katika makao ya hifadhi kwa sababu damu yao wenyewe imewakataa. Basi linganisheni: uwanjani kijana amevaa kama mzee, ameshika fimbo ya mzee, amejipaka mvi za unga, na umati unashangilia, na si mbali na hapo mzee halisi, mwenye mvi zisizo za unga, analala akisikiliza kila mlio wa nje. Hatusemi kwamba wanafunzi ndio wauaji. La hasha. Twasema kwamba sherehe ya urithi inayoweza kupita mwaka baada ya mwaka katika kaunti hiyo bila neno moja juu ya jambo hili ni sherehe iliyofumba macho. Lau mzee mmoja wa kaya angealikwa kukaa meza ya mbele, na lau naye angehutubia kwa nusu saa kwa lugha yake huku mwanafunzi akifasiri, labda baadhi ya vijana wale wangerudi makwao likizoni na jambo la kuwaambia ndugu zao. Wasomi wa kijiji husikilizwa. Mara nyingine wao ndio pekee wanaosikilizwa.

Tuje sasa kwa suala la ukabila, ambalo wapinzani wa sherehe hizi hulishikilia. Twakubali kwamba hatari ipo, ila twasema wanaitafuta mahali si pake. Hema halikuleta ukabila chuoni. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, katika kifungu cha 7, yasema kwamba taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Tume iliyoundwa kwa sheria hiyo ilipovikagua vyuo vikuu vya umma, ilikuta kwamba vingi haviifuati, na kwamba aghalabu kabila lililozidi ni lile la mahali chuo kilipojengwa. Septemba 2016 baadhi ya viongozi wa kaunti waliandamana na watu wao mpaka Chuo Kikuu cha Moi kupinga uteuzi wa kaimu makamu mkuu wa chuo, kwa kuwa hakuwa mtu wa hapo. Hakuna aliyevaa shanga siku ile. Walivaa suti.

Sababu zake si ngumu kuziona. Zamani vyuo vikuu vilikuwa vichache, na kila mmoja wetu alilazimika kutoka kwao ili asome. Nairobi kilisimama peke yake mwaka 1970, Moi kikafuata 1984, Kenyatta 1985, Egerton 1987. Kisha, hasa katika mwaka 2013, vilipewa hati vyuo vingi kwa mpigo, vikiwamo Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Jambo hilo lilikuwa jema, maana elimu ilikwenda karibu na watu. Lakini ubaya wake ni kwamba kila kaunti iliona imepewa chuo chake, kama vile mtu apewavyo kisima, na wanasiasa wakaanza kuhesabu nafasi za kazi kuanzia kwa bawabu mpaka kwa makamu mkuu wa chuo. Yafaa tukumbuke kwamba hicho cha Mombasa kilipofungua milango kwa wanafunzi mwaka 1951 kilikuwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, kilichowekewa watu wa dini moja kutoka Afrika Mashariki nzima. Leo kinamsomesha kila mtu, nao mji haukuanguka.

Kwa hiyo chuo kinachopiga mahema arobaini uwanjani, na orodha yake ya mishahara ina kabila moja lililojaza nusu ya kurasa, kisitufundishe juu ya umoja katika tofauti. Kitengeneze orodha kwanza. Na mgeni wa heshima anayekuja kuhubiri umoja, tungependa aulizwe pale pale jukwaani, kwa adabu, jinsi ofisi yake inavyoifuata theluthi hiyo. Bunge lilibadili sheria ya vyuo vikuu mwaka 2016 ili viongozi wa wanafunzi wachaguliwe na wajumbe badala ya wanafunzi wote moja kwa moja, na mojawapo ya sababu zilizotolewa ilikuwa ni kuzima fujo na ukabila. Vijana wamebadilishiwa kanuni. Wakubwa wangoja nini?

Hata hivyo lipo jambo katika mahema yenyewe ambalo halituridhishi, nalo halihusu ukubwa wa kabila bali udogo wake. Mahema hufuata hesabu ya wanafunzi. Penye wanafunzi mia mbili pana hema kubwa na kipaza sauti. Penye wawili hapana kitu. Sisi wa Pwani aghalabu hutiwa katika hema moja, kana kwamba Mtaita, Mpokomo, Mduruma, Mbajuni na Mworma ni mtu mmoja aliyevaa kanzu. Na mwanafunzi wa Kimakonde? Watu wake waliishi nchini hapa vizazi kadhaa bila vitambulisho, mpaka Oktoba 2016 walipotembea kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia. Wapemba walioko Kilifi na Kwale walitambuliwa mwaka 2023 tu. Waaweer wa msitu wa Boni ni watu wachache sana. Wadahalo, karibu na mto Tana, wana lugha yenye sauti za kidoko ambazo hazisikiki katika lugha nyingine yoyote ya nchi hii, na wanaoisema kila mwaka wanapungua. Lau sherehe ya chuo ingekuwa ya elimu, meza ya kwanza ingekuwa yao, kwa sababu hao ndio ambao urithi wao ukipotea hauna mahali pengine pa kuokotwa. Kikuyu, Kiluo na Kikamba vina redio zake. Kidahalo kina wazee wake tu.

Najua, atasema mhasibu, kwamba fedha hazipo. Na kweli vyuo vya umma vina madeni makubwa, wahadhiri wamegoma mara kwa mara kwa kucheleweshewa haki zao, na mfumo mpya wa kuwagharimia wanafunzi ulioanza 2023 umewatia wazazi wengi wasiwasi. Sisi hatudai senti moja zaidi. Twadai fedha zile zile zigawanywe kwa akili. Jukwaa la taa za rangi na wasanii wa kulipwa kutoka jijini hugharimu kuliko safari ya wazee ishirini na chakula chao cha siku tatu. Mwenye kushika mkoba achague.

Na tungependa yafuatayo yajaribiwe, angalau na chuo kimoja, ili tuone. Kanuni iwekwe kwamba kikundi kisicheze ngoma ya kwao. Vijana wa Kisii wapewe mwanzele, Wagiriama wapewe isukuti, wapewe na miezi mitatu ya kujifunza kwa wenye ngoma hizo. Wataicheza vibaya mwaka wa kwanza, na watazamaji watacheka, lakini kicheko hicho kitakuwa cha watu wanaofundishana. Hema basi halitakuwa la kabila, litakuwa la ngoma, na kijana atakayelisimamia itambidi ajue maana ya kila wimbo, kwa sababu hana nyanya wa kusingizia. Isukuti iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Desturi za makaya ya Wamijikenda zilitangulia katika orodha hiyo mwaka 2009. Ulinzi gani utaushinda ule wa kijana wa kabila jingine aliyeijua ngoma hiyo na kuipenda?

Maktaba nayo ifungue daftari. Kila ngoma inayoingia uwanjani iandikwe: jina, kijiji, aliyefundisha, shughuli yake, ala zake, na pia lile ambalo wenyewe hawataki lionyeshwe wala kunaswa. Hili la mwisho ni muhimu. Si kila urithi ni wa kutazamwa na kila mtu, na wazee wa kaya wakikataa, kukataa kwao kuandikwe na kuheshimiwa. Idara za fasihi zitoe alama kwa kazi hiyo kama zinavyotoa kwa insha, maana mwanafunzi hutumika kwa moyo pale alama zilipo, na hilo si la kumlaumu.

Tumalizie na jambo la malipo, ambalo huonekana dogo kwa walioko ofisini. Vikundi vya ngoma vinavyoalikwa vyuoni aghalabu huahidiwa fedha, huletwa kwa basi alfajiri, hukaa juani mpaka mgeni wa heshima afike, hucheza, hupewa soda na mkate, kisha huambiwa kwamba hundi inatayarishwa. Tumezungumza na wapiga ngoma zaidi ya mmoja walioingoja hundi ya namna hiyo mpaka sherehe ya mwaka uliofuata ikafika. Mhadhiri mgeni anayekuja kuzungumza saa moja hulipwa nauli, hulazwa hotelini na hupewa bahasha yake. Mpiga zumari aliyejifunza kazi yake kwa miaka thelathini ni mhadhiri mgeni vile vile. Andikieni majina yao katika ratiba, watengeeni kivuli na maji, na walipwe fedha taslimu siku ile ile, kabla basi halijaondoka.